Kuchagua mashine ya Linux na BSD sokoni Lubumbashi, hatua kwa hatua

Swali ni lilelile wiki kwa wiki: "Yaya, ninunue mashine gani nipate kuweka Linux?" Wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya chuo kikuu, wanaoanza informatiki huniuliza, mwalimu anayetaka kufungua chumba cha kompyuta Ruashi huniuliza, kijana wa sibakafe kule Katuba naye vilevile. Wengine huniuliza wakiwa wameshalipa, mashine iko mezani na Wi-Fi haionekani, na hapo hakuna ushauri unaorudisha dola. Ndiyo maana nimeyaweka majibu yote hapa. Soma kabla ya kwenda mjini. Linux na BSD ni mifumo ya bure ya kuendeshea kompyuta, inayowekwa badala ya Windows.

Nazungumzia mashine za mtumba, zile tunazoziita okazi, zinazofika kwetu kupitia mpaka wa Kasumbalesa au kwa makontena ya watu walioko Ulaya na Dubai. Wengi wetu tunamudu hizo, na kwa Linux ndizo zinazofaa kuliko laptopu mpya za bei ya chini. Tena wakati huu ni mzuri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Maofisi yanaziondoa mashine nzima kwa sababu hiyo tu. Kwa Linux bado zina miaka mingi ya kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Flashi ya GB 16 au zaidi, umeiwekea Ventoy. Ventoy hukuruhusu kunakili faili kadhaa za ISO (nakala kamili za mfumo) kwenye flashi moja na kuchagua ya kuwasha. Weka humo Linux Mint au Debian Live (aina za Linux) yenye eneo-kazi, na SystemRescue, mfumo wa kukagua na kuokoa mashine.
- Simu ya Android na waya wake wa USB. Hakikisha ni waya unaopitisha data. Kuna nyaya zinazochaji tu.
- Bisibisi ndogo ya msalaba.
- Visikilizio vya masikioni vya kujaribia sauti.
- Karatasi ya kuandikia modeli, namba ya prosesa na jina la chipu ya Wi-Fi.
- Muda. Nusu saa kwa kila mashine. Ukiwa na haraka, ahirisha.

ISO ya Mint ni karibu GB 3, kwa hiyo ipakue mahali penye mtandao wa bei nafuu, ukaikague kwa `sha256sum` kabla ya kuiamini. Flashi yenyewe pia ikague: sokoni kuna flashi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani hazina hata 8. Programu ya f3 (`f3write` kisha `f3read`) huijaza flashi na kuisoma tena, na udanganyifu unaonekana hapo hapo.

Hatua ya 1: Jua kazi ya mashine

Usianze na modeli, anza na kazi. Kujifunza amri, kuandika programu, kusoma PDF na kutumia LibreOffice kunahitaji RAM ya GB 8 na SSD (diski isiyozunguka), basi. Ukitaka kuendesha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya moja) tatu nne kwa pamoja ili ujifunze mitandao, tafuta prosesa ya viini vinne na RAM ya GB 16, na uhakikishe `lscpu` inaonyesha mstari wa `Virtualization`. Seva ndogo ya shule au sibakafe haihitaji laptopu hata kidogo. Kwa hiyo chukua zile kompyuta ndogo za ofisini, ThinkCentre Tiny, OptiPlex Micro au EliteDesk Mini. Nyingi hutumia adapta ya wati 65 kama ya laptopu, kwa hiyo hata betri na sola ya kawaida huzibeba saa nyingi, wakati tawa kubwa la zamani humaliza betri mapema.

Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa, si kibandiko

Muuzaji atakwambia: "Mukubwa, hii ni i7, iko nguvu sana." Maneno "i7" peke yake hayasemi kitu. Tazama tarakimu zinazofuata. Katika i7-2620M, tarakimu ya kwanza ni 2: kizazi cha 2, cha mwaka 2011, viini viwili. Katika i5-8250U, ni kizazi cha 8, viini vinne. Hiyo i5 itaiacha hiyo i7 mbali sana, na inatumia umeme kidogo zaidi. Kuanzia kizazi cha 10 kizazi huchukua tarakimu mbili: i5-10210U ni cha 10, na si cha 1.

Kwa laptopu za herufi U, kizazi cha 8 ndicho Intel ilipotoka viini viwili kwenda vinne. Ndiyo sababu mimi humwambia kila mtu: ukiweza, fika kizazi cha 8. Usipoweza, cha 6 na cha 7 bado ni vizuri. Cha 4 ndiyo mpaka wangu wa chini kwa mtu anayeanza leo, na mpaka huo una sababu. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka mwaka 2025, inadai prosesa ya kiwango cha x86-64-v3, yaani yenye AVX2 (maagizo ya ziada ya prosesa) na wenzake, na Core za Intel zilianza kuwa nayo kwenye kizazi cha 4. Angalia kwa `lscpu | grep avx2`. Usikubali Pentium na Celeron za wakati huo kwa kazi hii: ni za kizazi hicho lakini AVX2 hawakuziwekea. AlmaLinux 10 ina toleo la v2 kwa ajili ya mashine za nyuma yake, na Debian haijali.

Mashine za biti 32 ziache. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha i386.

Hatua ya 3: Angalia kinachoweza kubadilishwa

Mashine isiyofunguka itakuwa na ukubwa uleule siku zote. Uliza, kisha ukague mwenyewe: RAM iko kwenye nafasi zake, au imelehemewa kwenye bodi? MacBook Pro za Retina na ThinkPad X1 Carbon zimelehemewa zote. T440s ina GB 4 zilizolehemewa na nafasi moja tu ya kuongeza. ThinkPad T480, Latitude nyingi za ofisini na EliteBook 840 zina nafasi za kufungua.

Aina ya RAM nayo ina maana. DDR3 na DDR4 haziingiliani. Notchi yake iko mahali tofauti, usilazimishe. Mashine nyingi za kizazi cha 4 hudai DDR3L, ile ya volti 1.35, ukiweka DDR3 ya kawaida ya 1.5, haiwaki.

Diski: ukikuta mashine nzuri yenye diski ya kuzunguka, inunue tu kwa bei ya chini kisha uweke SSD. Hakuna fedha nyingine utakayoitumia kwenye mashine kuukuu ikaleta tofauti kama hiyo. Kosa linalorudiwa hapa ni SSD za M.2. Za SATA na za NVMe hufanana kwa umbo, lakini mashine inayopokea SATA tu haitaiona NVMe. Tafuta mwongozo wa modeli yako kwanza, ndipo ununue.

Kimbia tableti na laptopu ndogo zenye Atom Z3735F: RAM GB 2, hifadhi ya GB 32 iliyolehemewa, na UEFI (programu ya kuwashia mashine) ya biti 32 itakayokusumbua kabla hujaona hata menyu ya kusakinisha.

Hatua ya 4: Wi-Fi, mahali pesa nyingi zinapopotelea

Nikiombwa ushauri mmoja tu kwa mtu anayenunua mashine ya Linux, ningesema: tazama chipu ya Wi-Fi.

Mdogo wangu alinunua laptopu nyembamba, nzuri kwa macho, na haikuwa na tundu la waya wa mtandao. Alipoweka Debian ya zamani kidogo, kisakinishi kikamwomba fimwea (programu ndogo ya kuendesha kifaa) ya chipu ya Broadcom. Fimwea iko mtandaoni, mtandao hauingii bila fimwea. Alikaa siku mbili akizunguka na flashi kati ya nyumba na chuo, akileta faili zisizo sahihi, kabla hajaniambia. Nilichomeka simu yake kwa waya, tukawasha kushiriki intaneti kwa USB, na mashine ikaona mtandao palepale. Siku mbili za mtu zilipotea kwa chipu yenye ukubwa wa kucha.

Ukipanga kwa ubora kwa Linux:

Intel ni chaguo la kwanza. 7260, 8265, AX200, zote hutumia draiva ya `iwlwifi` iliyomo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 fimwea imo ndani ya ISO rasmi. Atheros za zamani zinazotumia `ath9k` ni hazina: hazihitaji fimwea yoyote ya kupakua. Realtek hutegemea modeli. Nyingine hufanya kazi vizuri, nyingine hukatika kila baada ya dakika kumi, kwa hiyo ijaribu kwa muda. Broadcom, hasa zile za MacBook Air za 2013 hadi 2017, zinahitaji draiva ya `wl` inayosakinishwa pembeni. Inawezekana, lakini si mwanzo mzuri kwa mgeni.

Kadi mbaya inaweza kubadilishwa, ila kuna mitego miwili. ThinkPad za wakati wa X230 na T430 zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS (mipangilio ya kuwashia mashine). Ukiweka nyingine, mashine inakataa kuwaka. Mtego wa pili: Intel 9560, AX201 na AX211 hufanya kazi tu kwenye mashine za Intel zilizotengenezwa kuzipokea. Kwa mashine nyingine nunua AX200 au 8265, na uangalie nafasi yake ni ya M.2 au mini PCIe.

Na kadi za picha? Fupi: Intel ya ndani au AMD. Draiva zake zimo kwenye kerneli. Nvidia kuukuu ni kazi ya ziada ambayo anayeanza haihitaji.

Hatua ya 5: Dukani, ingia BIOS kwanza

Kabla hujaangalia uzuri wa skrini, zima mashine kabisa na uiwashe ukibonyeza kitufe cha BIOS: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikikuomba nenosiri, shukuru muuzaji na uendelee kutembea. Mashine za maofisi hufungwa na wenyewe kwa nenosiri la msimamizi, na kwenye ThinkPad za siku hizi kuchomoa betri ndogo ya bodi hakulifuti. Niliwahi kukubali neno "tutaitoa kesho, papa". Kesho ile haikufika, na nikabaki na mashine nisiyoweza kuiambia iwake kutoka kwenye flashi.

Ukiingia bila nenosiri, angalia mambo matatu. Kuwaka kutoka USB kumeruhusiwa. Secure Boot, kinga inayoruhusu mifumo yenye saini tu, inaweza kuzimwa. Na kwenye sehemu ya diski, kama imeandikwa RAID au RST (namna ya kuendesha diski), kumbuka mahali pake, utapahitaji baadaye.

Hapo ndipo umwombe mwenye duka kwa heshima: "Papa, niruhusu niiwashe kwa flashi yangu, sitaigusa Windows yako." Wengi hukubali wakiona hutaki kufuta kitu. Anayekataa kabisa ana sababu yake, nawe una maduka mengine.

Hatua ya 6: Washa kwa flashi, kisha uliza mashine yenyewe

Menyu ya kuwashia ni F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP. Chagua flashi, washa Mint, fungua terminali, andika:

`lscpu` – namba halisi ya prosesa na idadi ya viini.

`free -h` – RAM. Ikionyesha 7.6 badala ya 8 ni kawaida, sehemu imechukuliwa na kadi ya picha.

`lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,MODEL` – diski. Chini ya ROTA, 1 ni diski ya kuzunguka, 0 ni SSD.

`lspci -k` – hii isome taratibu. Tafuta mstari wenye "Network controller". Chini yake pawepo "Kernel driver in use". Pakiwepo `iwlwifi`, pumua. Pakikosekana mstari huo, kerneli haina draiva ya kadi hiyo. Usiishie hapo: washa mtandao wa simu yako, iunganishe mashine kwa Wi-Fi, fungua ukurasa mmoja.

`upower -d` – betri. Tafuta "capacity". Asilimia hiyo ni kiasi cha betri kilichobaki ukilinganisha na ilipokuwa mpya. Chini ya 60, hesabu bei ya betri nyingine ndani ya bei unayojadili.

Kisha jaribu kwa mikono: sauti kwa visikilizio, kila tundu la USB, kamera, vitufe vya mwanga wa skrini, tachipedi. Funga kifuniko, subiri dakika moja, kifungue. Mashine isiyoamka kutoka usingizini ni kero ya kila siku. Kwenye T480 chaji kwa matundu yote mawili ya USB-C, kwa sababu modeli hiyo inajulikana kwa hitilafu ya fimwea ya Thunderbolt inayoweza kuua kuchaji. Lenovo ilitoa marekebisho, lakini sokoni huwezi kujua kama mwenye mashine wa kwanza aliyaweka.

Alama ya vidole isikuongezee hata dola moja. Mara nyingi haifanyi kazi kwenye Linux.

Sasa zima, washa SystemRescue, andika `smartctl -a /dev/sda` (au `/dev/nvme0n1`). Kwa diski ya SATA, `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector` ziwe 0 kwenye safu ya mwisho. `Power_On_Hours` inakwambia saa ilizofanya kazi. Diski yenye sekta zinazosubiri ni ya kutupa, hata kama muuzaji anasema Windows inawaka vizuri.

Hatua ya 7: Kibodi

Hapa kwetu tumesoma kwa Kifaransa na vidole vyetu vimezoea AZERTY. Mashine za Dubai huja na QWERTY, za Ujerumani na Uswisi QWERTZ, na za Ubelgiji huja na AZERTY ambayo si ile ya Ufaransa. Watu wengi huchagua "Français" wakati wa kusakinisha, halafu wanashangaa alama hazilingani.

Tazama kitufe cha mwisho kushoto mwa Shift ya kulia. Kikiwa na `=` na `+`, kibodi ni ya Kibelgiji. Kikiwa na `!`, ni ya Kifaransa. Kwa anayeishi kwenye terminali tofauti hii ni kubwa: alama ya `|` kwa Kibelgiji ni AltGr na 1, kwa Kifaransa ni AltGr na 6, `@` ni AltGr na 2 kwa Kibelgiji, AltGr na 0 kwa Kifaransa. Umekosea? Andika `setxkbmap be` kujaribu, kisha kwa Debian `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration` kuiweka moja kwa moja.

Hatua ya 8: Umeme, chaja, vumbi

Umeme wetu hukatika bila kuaga, na unaporudi huja na kishindo. Kwa hiyo laptopu yenye betri nzima inashinda tawa lenye nguvu mara mbili. T470 na T480 zina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoka nyuma. Unaweza kubadilisha ya nyuma mashine ikiwa inafanya kazi. Kwa mtu wa Lubumbashi hilo ni jambo la kulipia.

Chaja ya asili idai kwa nguvu. Laptopu za Dell huuliza chaja utambulisho wake kupitia pini ya katikati. Ikiwekewa ya kuiga, mashine inawaka lakini haichaji betri, na prosesa hupunguzwa mwendo. Mtu anakuja kwangu akisema Linux ni nzito, kumbe ni chaja. Plagi ya Kiingereza ya miguu mitatu isikutishe: nunua waya mwingine wa upande wa ukutani wenye plagi yetu, adapta yenyewe inapokea volti 100 hadi 240.

Kompyuta ya mezani isichomekwe bila stabilizeta na UPS (betri ya akiba). Kati ya Novemba na Aprili, radi ikianza, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa mtandao. Na kiangazi, vumbi letu jekundu huingia kwenye feni kama unga. Elekeza tochi kwenye matundu ya kutolea joto kabla ya kununua.

Hatua ya 9: Lipa ukiwa na maandishi

Karatasi yenye namba ya mashine, tarehe, na siku mlizokubaliana za kujaribu. Siku mbili tatu zinatosha. Usiku wa kwanza iache na memtest86+, kipimo cha RAM, iliyomo kwenye SystemRescue mpaka asubuhi, iwapo umeme utakuruhusu. Kosa moja jekundu, irudishe.

Kama unataka BSD

Masharti yanakuwa makali kidogo, lakini mashine zilezile za ofisini ndizo bora. OpenBSD inaipenda sana ThinkPad yenye Wi-Fi ya Intel. Haina Bluetooth tangu 2014 na haina draiva ya Nvidia, kwa hiyo ukinunua visikilizio visivyo na waya ujue. Fimwea ya Wi-Fi huletwa na `fw_update`, yaani unahitaji mtandao wa pili siku ya kwanza: simu kwa USB huonekana kama `urndis0`. FreeBSD nayo huiona kama `ue0` baada ya `kldload if_urndis`. Secure Boot izimwe kwa zote mbili. Kuijaribu FreeBSD dukani bila kusakinisha, tumia NomadBSD, inawaka kutoka kwenye flashi na eneo-kazi lake kamili.

Jambo la umeme lizingatie pia hapa. Mfumo wa faili wa OpenBSD hauna jarida (kumbukumbu ya mabadiliko yanayoandikwa), kwa hiyo umeme ukikatika ghafla kwenye mashine ya mezani, utakaporudi utasubiri `fsck`, ukaguzi wa diski, na mara nyingine utaombwa uiendeshe kwa mkono. ZFS ya FreeBSD na ext4 ya Linux huvumilia zaidi. Kwa OpenBSD mimi hushauri laptopu, betri ndiyo UPS yako.

Ikikwama

*Kisakinishi hakioni diski.* Ile RAID au RST uliyoiona BIOS. Ibadilishe kuwa AHCI. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa RAID. Kama Windows bado iko ndani na unaihitaji, itashindwa kuwaka baada ya kubadilisha, kwa hiyo nakili mafaili yako kwanza.

*Flashi haionekani kwenye menyu.* Jaribu tundu lingine, zima Secure Boot, na uzime pia kile kipengele cha kuwasha haraka. Kama bado, andika ISO moja kwa moja kwa `dd` badala ya Ventoy. Hakikisha mara mbili jina la flashi kwa `lsblk`. Amri ya `dd` ikielekezwa kwenye diski yako haitakuuliza.

*Skrini nyeusi baada ya kuchagua Linux.* Kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari wa `linux`, kisha Ctrl na X. Mara nyingi ni Nvidia. Ukishaingia, weka draiva sahihi, usiendelee kuishi na `nomodeset`.

*Wi-Fi ipo lakini inakatika.* Tazama `sudo dmesg | grep -i firmware`. Ikisema imeshindwa kupakia faili, unajua jina la kifurushi unachokosa. Kama hakuna kosa, zima hali ya kuokoa umeme: `sudo iw dev wlp3s0 set power_save off`, ukiweka jina la kadi yako linaloonyeshwa na `ip link`.

*Saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, na tovuti zinakataa kufunguka.* Betri ndogo ya bodi imekufa. Kwa kompyuta ya mezani ni CR2032, inapatikana popote. Vyeti vya tovuti hukataliwa kwa sababu mashine inadhani iko mwaka mwingine.

*Mashine inazima yenyewe baada ya dakika ishirini za kazi.* Sakinisha `lm-sensors`, andika `sensors`, fuatilia joto. Ikipanda kupita 95 kabla ya kuzima, ifungue nyuma. Utakuta zulia la vumbi jekundu kati ya feni na mapezi ya shaba; litoe kwa brashi laini ukiwa umeishikilia feni isizunguke, futa krimu ya joto iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya kiasi cha punje ya mchele, funga, uijaribu tena kwa saa nzima kabla hujaifungia skrubu ya mwisho.